Kuku wa Scola

Kasulu,
Jumapili mchana, 1997

Mama yangu mpenzi, shikamoo.

Ninaandika nikiwa nimekaa kitandani miguu juu, maana maji ya mvua yameingia hadi ndani na kuna kuku chini ya meza anayenidonoa vidole kila nikishusha. Habari za huyo kuku utazipata, usiharakishe. Nianze na wewe. Magoti yanasemaje na baridi ya huko mlimani? Ile dawa ya kuchua niliyompa mwalimu akuletee ilikufikia, au aliimalizia kwenye mgongo wake mwenyewe ndani ya treni? Baba bado anakohoa? Na ule mgomba wa nyuma ya choo, uliozaa mkungu wa aibu, mmeukata? Nijibuni yote, hata la mgomba, kwa sababu huku hakuna mtu wa kuniambia mambo madogo ya nyumbani.

Upendo, mdogo wangu, najua ni wewe unayemsomea Mama. Nakuomba msome mkiwa jikoni, mlango mmeurudishia. Baba akiuliza dada yako kaandika nini, mwambie anawasalimu na mvua ni nyingi. Wala si uongo. Barua ya Baba nitaiandika mwenyewe siku nitakayopata moyo, na leo sina.

Mama, mimi si mzima. Mwili ni mzima, nakula, hata mawese ya huku yamenipa mashavu, ila ndani nimekwisha. Kuna mgonjwa wodini anaitwa Scola, mkulima wa Munanila, mpakani kabisa na Burundi. Umri wake kama wangu, na mtoto wake wa mwisho bado ananyonya. Mguu wake unaoza. Asipokubali ukatwe atakufa, naye hataki kusikia. Mimi ninalijua jambo moja ambalo nikimwambia huenda akakubali, lakini jambo lenyewe litamuumiza kuliko msumeno. Tangu jana nazunguka nalo. Kwa watu wa hapa siwezi kulisema, ndiyo maana nakumwagia wewe.

Miaka yote hii sijawahi kukueleza kazi yangu ikakuingia, na kosa si lako. Hata huku hawajui waniite nini. Wauguzi wananiita dada wa mazoezi. Wagonjwa wananiita mkandaji, na wananiletea migongo, shingo, hata mimba zilizokaa upande. Baba, nasikia, huwaambia watu kanisani kwamba Nakunda anafanya kazi yake ileile ya kuunga mifupa, isipokuwa yeye amevaa koti jeupe. Chuoni walitufundisha kwamba sisi ni wataalamu wa fiziotherapia na tusikubali kuitwa kingine. Nilipofika hapa nikaona jina lenyewe linawashinda watu, nikaliacha. Nikawa natumia niliyofundishwa chuoni, na pale yanapogoma natumia mikono ya Baba. Nilijiona tajiri kwa kuwa na vyote viwili.

Kila Alhamisi gari la shirika linalohudumia wakimbizi hunichukua kwenda kambini upande wa Kibondo, narudi Ijumaa. Juzijuzi shirika hilo lilimleta mama mmoja wa Kizungu, mtaalamu wa kazi kama yangu, aangalie kama chumba changu kinastahili kupewa vitanda na vifaa. Mpole kabisa, Kiswahili chake cha kuokoteza. Alikaa asubuhi nzima ananitazama nikimnyoosha mzee mmoja goti na kumminya askari mgambo bega. Mwisho akaniuliza, "Unajuaje?"

"Najuaje nini?"

"Unajuaje kwamba hii inawasaidia?"

Nikamwambia wanaondoka wakicheka. Akauliza, "Na baadaye?" Nikamjibu kwa kiburi, na unajua kiburi changu, kwamba baadaye hawarudi, maana yake wamepona. Aliinamisha kichwa, akanishukuru kwa chai, akaondoka. Nilimchukia, Mama. Nilimsema jikoni kwa wauguzi mpaka wakanionea huruma. Nani yeye wa kuniuliza mimi, mtoto wa muunga mifupa, najuaje?

Sasa Scola. Alianguka kutoka juu ya lori la maharage akitoka mnadani, mfupa wa paja ukavunjika karibu na goti. Alipoletwa, Daktari Kapinga, ambaye ndiye daktari wetu pekee na ni mtu wa Songea asiye na maneno mengi, alimlaza na kuuning'iniza mguu: kamba inapita kwenye kigurudumu mwishoni mwa kitanda, na huko chini kuna mfuko wa mchanga unaouvuta mfupa ubaki umenyooka. Mtu hukaa hivyo kwa muda mrefu, miezi. Haruhusiwi kushuka hata kwa haja. Kazi yangu ni kwenda kila asubuhi kumfanyisha mazoezi ya vidole, kifundo na mguu mzima ule mwingine, asikauke.

Tulipatana mara moja. Ana mdomo Scola, anaweza kuisema wodi nzima akiwa amelala chali. Siku ya kwanza aliniamkia kwa Kiha, "Mwidiwe, dada. Wewe ndiye wa kunikanda? Mbona mikono ya mtoto?" Nikacheka. Mumewe, Melkiadi, ni kinyume chake, mtu mrefu mkimya anayekaa kwenye ukingo wa kitanda akimenya ndizi mbivu na kumlisha mkewe kipande kipande, mbele ya watu, bila haya. Wanaume wengine wodini walimtania. Hakujali.

Siku moja Scola aliniita karibu na kuninong'oneza, "Dada, tumeshafanya na ya nyumbani. Inkoko ipo, kuku yupo."

Mama, nilifurahi mpaka nikakaa chini. Kumbe na huku wanafanya! Melkiadi alikuwa amekwenda kwa mzee mmoja anaitwa Bukuru, aliyevuka kutoka Burundi na anaishi kwa ndugu zake palepale Munanila. Mzee akachukua mtetea, akamvunja mguu upande uleule wa Scola, akamfunga vibanzi vya matete na dawa, akamwacha kwa Melkiadi amtunze. Kuku akianza kutembea, na mgonjwa afunguliwe. Kitu kilekile cha Baba, na vibanzi vilevile vya matete. Mtu amekaa mbali na kwao mvua hadi mvua, halafu anasikia habari za banda la kuku la mama yake. Nikamwambia Scola kwamba hata mimi nilipokuwa mdogo nilivunjika mkono na nilikuwa na kuku wangu, na huu hapa mkono, tazama unavyofanya kazi.

Basi ikawa mchezo wetu. Kila asubuhi nikiingia wodini, kabla ya salamu, nauliza, "Kuku anaendeleaje?" Naye anajibu kwa sauti kubwa, "Anakula mtama!" au "Leo kasimama!" na wodi nzima inacheka. Melkiadi akija na habari, zinapita kitanda hadi kitanda. Daktari Kapinga alinisikia mara moja. Akaniita pembeni akasema, "Nakunda, wewe ni mtu wa fiziotherapia au ni mkandaji wa kijijini? Amua." Nikaona ni maringo ya madaktari. Niliona nampa mgonjwa moyo, na moyo ni nusu ya dawa.

Alhamisi moja nikiwa Kibondo, Melkiadi alikuja saa ya kuona wagonjwa amebeba kikapu. Akakifungua, akamweka mtetea kwenye sakafu ya wodi. Kuku akatembea. Wanasema alitembea kutoka mlangoni mpaka kwenye kitanda cha Scola, na watu walipiga makofi na vigelegele. Scola alilia kwa furaha. Muuguzi pekee wa zamu alikuwa chumba cha kuzalishia. Mwanamke wa kitanda cha jirani aliwaambia wangoje, wamwulize mtu. Na ndipo Scola akasema neno ambalo nimesimuliwa na kila mtu mle wodini, kila mmoja kwa namna yake: "Tumwulize nani? Hata dada Nakunda humwulizia kuku huyu kila asubuhi. Hospitali nayo inamngoja yeye."

Wakafungua kamba. Melkiadi akamshika kwapa, Scola akashuka, akasimama, akapiga hatua kuelekea mlangoni ili akaone jua. Mfupa ukakatika palepale ulipokuwa unaanza kushikana, na safari hii ukatoboa ngozi.

Nilirudi Ijumaa nikamkuta na homa. Sitakueleza jinsi kidonda kilivyo. Daktari Kapinga amefanya yote aliyo nayo mkononi. Kumpeleka hospitali kubwa haiwezekani, barabara imekatwa na mvua, magari yamelala njiani, na kwa homa ile hafiki. Alinitazama tu, hakunigombeza. Mama, heri angenigombeza. Ni mimi niliyemponza. Sikumwambia Scola hata siku moja kwamba yule kuku ni wa kututia moyo na kamba ndiyo inayounga mfupa. Nilidhani analijua hilo. Angelijuaje, wakati mwenye koti jeupe anauliza habari za kuku kabla ya habari za mguu?

Mzee Bukuru aliitwa, akaja kumtazama mgonjwa wake. Nilimsubiri nje ya wodi nikiwa nimejaa maneno makali. Akatoka machozi yanamtoka, mzee wa watu, na maneno yangu yakanisaliti. Nikamwuliza tu, "Mzee, umewahi kuona kuku anatembea na mtu hatembei?"

"Kamwe, mwana wanje, mwanangu. Tangu ujana wangu, kule na huku. Kuku wangu hajapata kudanganya."

"Na wale uliowafungua, unajuaje kwamba walipona wote?"

Akanishangaa. "Si hawakurudi? Mtu akiumwa hurudi. Asiyerudi amepona."

Hayo ni maneno ya Baba, Mama, unayajua, huyasema akiweka miguu juu ya kigoda. Na ndiyo niliyomjibu yule mama wa Kizungu. Watu wote niliowakanda hapa, wamepanda vilima vyao, wamerudi kambini, wamevuka mpaka, nami nikawahesabu kuwa wazima kwa sababu sikuwaona tena. Asiyerudi huenda amepona. Huenda pia amekosa miguu ya kumrudisha. Sijui hata mmoja wao yuko wapi. Hilo ndilo nililoulizwa kwa upole, nami nikaenda kulitukania jikoni.

Daktari amesema mguu ukatwe, na upesi. Melkiadi amekubali. Scola amekataa. Analala pale macho yamezama, mdomo bado uleule, anasema, "Kuku wangu anatembea. Mfupa wangu ni mzima. Ni mchanga wenu ulionichelewesha, na sasa mnataka kunikata ili msionekane." Tumembembeleza, padri amekuja, mama yake amekuja. Anasema tumletee kuku atuonyeshe. Homa ikimpanda anamwita kuku huyo kwa mdomo, kama anayemwita kwenye mtama. Hawezi kukubali kukatwa mguu ambao ameuona kwa macho yake ukipona. Na kwa kweli, Mama, ningekuwa yeye hata mimi nisingekubali.

Jana Melkiadi alikuja kwangu hapa na kikapu. Akasema nikae na kuku huyu, yeye hawezi tena kulala naye nyumba moja. Nikampokea. Unajua mikono yangu, haiombi ruhusa. Nilimshika chini ya mbawa na vidole vikaenda vyenyewe kwenye mguu wake, kutafuta pale pa kuvunjika. Mfupa uliovunjika ukaunga huacha kinundu. Kwa kuku hukipati kwa jicho, lakini kwa kidole hukikosi, Baba alinifundisha nikiwa sijaanza hata shule. Nikapapasa chini, nikapapasa juu. Hakuna. Nikageuza mguu wa pili, nikidhani nimekosea upande. Hakuna. Mifupa laini, mizima, haijapata kuguswa.

Nikamwangalia Melkiadi. Hakungoja nimwulize.

"Yule wa kwanza alikufa, dada," akasema. "Alikufa mapema, hata mtama hakula. Nilikuja hapa nikamkuta mke wangu anacheka na ninyi, anauliza kuku anaendeleaje. Na wewe ukaniuliza. Ningesemaje? Nikasema anakula. Nikatafuta mwingine wa rangi ile sokoni."

"Mzee Bukuru anajua?"

"Hajui. Hakuna anayejua." Akapiga magoti kwenye matope pale mlangoni, mtu mrefu vile. "Ndakwinginze, dada, nakuomba, usimwambie. Atakufa akijua mimi ndiye niliyemdanganya. Acha afe ananipenda."

Nilimkasirikia, halafu nikashindwa kumkasirikia. Angekuwa mtu mbaya ningejua la kufanya. Huyu ni mwanaume aliyeficha kifo cha kuku ili mkewe asikate tamaa. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema, lakini waliolitunga neno hilo hawakumwona Melkiadi akimlisha mkewe ndizi. Nilimwinua, nikamwambia arudi kwa mkewe, nami nitafikiri.

Nimefikiri usiku na mchana, na leo kanisani sikusikia hata wimbo mmoja. Nikinyamaza, Scola atakufa akiamini mguu wake ni mzima, na watoto wake watalelewa na shangazi zao. Nikisema, atajua kwamba mumewe alimdanganya, kwamba mimi nilishangilia uongo kila asubuhi, na kwamba kitu pekee alichokishika hakikuwapo. Anaweza kukubali kukatwa. Anaweza pia kugeukia ukutani na kufa kwa uchungu tu, nimeshaona watu wakifa hivyo kambini. Sina uhakika wowote. Lakini nimekwisha kuwa mtu wa kumwachia mgonjwa aamini jambo kwa sababu linapendeza, nikaona mwisho wake. Kesho asubuhi nitamchukua kuku huyu nikae kitandani kwa Scola, nimpe aushike mwenyewe ule mguu usio na kinundu, Melkiadi akiwepo. Nitasema mimi kwanza, kosa langu kabla ya la mumewe. Barua hii ikikufikia litakuwa limekwisha, kwa heri au kwa shari. Uniombee hata kama umechelewa.

Kama nitabaki na kazi hii sijui. Nimeandika kuomba nihamishwe, nikaichana, nikaandika tena. Daktari Kapinga aliniambia niamue mimi ni nani, nami nikadhani anauliza jina.

Nisalimie shangazi mwenye duka, mwambie vitenge vya Kikongo nimeviona na ni vizuri, asinisumbue. Mjomba mlinzi wa kanisa umpe pole ya jino. Kaka na mkewe, na yule mchanga wao nisiyemjua sura, mbusuni kisogoni kwa niaba yangu. Bibi umshike mikono yote miwili umwambie bado napika makande, ingawa huku wananicheka. Baba umsalimie kama nilivyosema, kwa mvua.

Sasa Mama, hapa Upendo asome taratibu. Nakumbuka nilipoanguka na mzigo wa majani nikavunjika mkono. Baba alinichagulia mtetea wa kahawia mwenye manyoya meupe shingoni, akamvunja bawa mimi nikilia zaidi yake. Nilikuwa nikimwona kila siku kwenye banda lako, kisha ukanikataza kwenda bandani, ukasema ninamtia hofu. Nilimngoja. Siku alipotoka anapigapiga mabawa yote mawili, Baba alinifungua, mkono ukainuka, na tangu siku ile nikajua nataka kuwa mtu wa namna gani. Kila nilichosoma nimekijenga juu ya kuku yule.

Lakini jana, nikiwa nimemshika huyu wa Scola, nilikumbuka jambo ambalo sijalifikiria maishani. Siku zile uliponikataza bandani, jioni moja tulikula mchuzi wa kuku. Hapakuwa na mgeni, Mama, wala haikuwa sikukuu. Baba alikuwa safarini. Uliniwekea paja na hukula wewe.

Banda ulikuwa ukilitunza wewe. Sitakasirika, na sitamwambia Baba. Nimemwona Melkiadi, najua mtu hufanya hivyo kwa ajili ya nani. Nataka tu uniambie. Yule wa kahawia aliyetoka bandani akiruka, alikuwa ni yuleyule?

Mwanao anayekupenda,
Nakunda